Kompyuta Haijui Vuli

Ukiiambia xarray, zana ya kuchambua data inayotumia lugha ya kompyuta ya Python, ikugawie mvua ya miaka arobaini kwa majira, itakupa mafungu manne: DJF, MAM, JJA na SON. Yaani Desemba hadi Februari, Machi hadi Mei, Juni hadi Agosti, Septemba hadi Novemba. Ni mstari mmoja wa msimbo, `mvua.groupby("time.season").mean()`, na jibu linakuja papo hapo. Kwa mtu wa Tanga, fungu moja katika hayo manne limekaa sawasawa: masika yetu ni Machi, Aprili na Mei, na MAM ni hiyo hiyo. Vuli ndiyo inayoumia. Vuli ya pwani ya kaskazini ni Oktoba, Novemba na Desemba. Mgawanyo ule unaing'oa Desemba na kuipeleka kwa Januari na Februari, miezi ya kaskazi na jua kali, kisha pengo lake linazibwa na Septemba, mwezi ambao mkulima wa Muheza bado anasafisha shamba na kutazama mawingu.

Grafu itatoka, itapendeza, itakuwa na namba pembeni na rangi zake. Lakini itakuwa inazungumzia msimu ambao kwetu haupo. Mafungu yale manne ndiyo wanayotumia wanasayansi wengi wa hali ya hewa duniani, na kwa nchi ambazo mwaka unapangwa na baridi na joto yanafaa kabisa. Wa kwetu unapangwa na mvua. Tangu nilipolishika jambo hilo, kujifunza kuchambua data za tabianchi kumekuwa kwangu, zaidi ya kitu kingine chochote, kazi ya kuifundisha kompyuta kalenda ya mkulima. Nayo inafundishika. Nataka kueleza namna gani, kwa ajili ya wenzangu wenye kompyuta ya kawaida, bando la kiasi, na swali kuhusu mvua ya kwao ambalo haliwaachi walale.

Mimi ni afisa ugani. Swali ninaloulizwa kuliko yote, kila inapokaribia Oktoba, ni hili: "Bwana shamba, mvua ya kupandia inaingia lini?" Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kila msimu, nami huusoma kwenye mikutano ya kijiji neno kwa neno. Ila mwelekeo ule huzungumzia kanda. Mtu wa Amani, juu kule Usambara Mashariki ambako mvua ya mwaka hupita milimita 1,800, na mtu wa bonde la Mkomazi aliyeko upande wa pili ambako milima imemkinga na mvua, wote wanaisikiliza taarifa hiyo hiyo redioni. Nilitaka kujua jambo dogo zaidi: kwa miaka iliyopita, hapa hapa, vuli iliingia lini, ilikaa siku ngapi, ilikatika wapi? Hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kunijibu hilo. Lakini data zipo wazi, na zana za kuzifungulia ni za bure.

Zana zenyewe zina historia inayonipa moyo. Matplotlib, maktaba ya Python ambayo karibu kila mtu huanza nayo kuchora grafu, iliandikwa na John Hunter mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuwa mtu wa hali ya hewa hata kidogo. Alikuwa akichunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa na alihitaji namna ya kuona mawimbi ya umeme yaliyopimwa vichwani mwao. Xarray nayo ilianza kwenye kampuni ya Marekani iliyokuwa ikishughulika na hali ya hewa kwa ajili ya wakulima, The Climate Corporation, chini ya Stephan Hoyer na wenzake, na mwaka 2014 wakaitoa iwe huria. Kabla ya hapo watu wa tabianchi walitumia zaidi programu ya GrADS na NCL, lugha ya NCAR, kituo cha Marekani cha utafiti wa anga. Mwaka 2019 NCAR wenyewe walitangaza kwamba hawataiendeleza tena NCL, nguvu zao wanazihamishia kwenye Python. Maana yake ni kwamba afisa wa wilaya anayeanza leo anajifunza zana ile ile anayoitumia mtafiti wa Boulder, Marekani, au Reading, Uingereza. Hakuna leseni ya kununua, na hakuna toleo dogo la maskini.

Kinachogharimu ni bando, na hapo inabidi kutumia akili. Data ninazozitegemea zaidi ni za CHIRPS, makadirio ya mvua kwa setilaiti na vituo vya ardhini, zinazotengenezwa na Climate Hazards Center cha Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa kushirikiana na shirika la jiolojia la Marekani, USGS. Toleo la pili, ambalo ndilo ninalolitumia, linaanza mwaka 1981 na linafunika nchi kavu kati ya latitudo 50 Kusini na 50 Kaskazini, kwa gridi ya nyuzi 0.05, ambayo kwetu ni kama kilomita 5 na nusu kila upande. Ukizidisha, dunia nzima inatoka visanduku milioni 14.4 kwa kila siku moja. Huwezi kupakua hayo yote kwa bando la usiku, wala huna haja. Tanzania inakaa kati ya longitudo 29 na 41 na kati ya Ikweta na latitudo 12 Kusini. Kwa gridi hiyo ni visanduku 240 kwa 240, jumla 57,600. Kuna seva zinazokuruhusu kufungua faili kwa mbali na kuchukua kipande chako tu. Na kama faili zima umeshalipata kwa rafiki aliyeko chuoni, programu ya CDO ya taasisi ya Max Planck, Hamburg, inakukatia kwa amri moja: `cdo sellonlatbox,29,41,-12,0 dunia.nc tanzania.nc`. Faili linalobaki linaingia kwenye flashi ya kawaida na nafasi inabaki.

Kabla hujachora chochote, elewa unachokishika mkononi. Setilaiti haioni mvua. Inachokiona ni baridi ya vilele vya mawingu. CHIRPS huhesabu wingu lilikaa kwa muda gani likiwa na ubaridi chini ya kelvini 235, kama nyuzi 38 chini ya sifuri, na kutokana na muda huo hukadiria mvua. Kisha makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya vituo vya ardhini, pale vilipo. Ni kazi nzuri mno, na kwa Afrika Mashariki imejaribiwa sana. Lakini fikiria mvua inayosukumwa na upepo wa baharini ukapanda ukuta wa Usambara: mawingu yake mara nyingi hayafiki juu kiasi hicho, yana joto, na bado yanamwaga maji. Mvua ya namna hiyo setilaiti huipunja. Kwa hiyo kisanduku kinachoigusa Amani ukisome kwa tahadhari, kile cha tambarare ya Muheza ukiamini zaidi.

Sasa kwenye msimbo wenyewe. Uzuri wa xarray ni kwamba data zinakuja na majina yake. Hutafuti safu ya 937 ya jedwali la 38. Unataja mahali: `mvua.sel(latitude=-5.17, longitude=38.78, method="nearest")`, na umesimama Muheza mjini. Unataja tarehe kwa jina lake pia. Mtu anayeijua ramani ya wilaya yake anaanza kufanya kazi ya maana kabla hajaijua Python vizuri, na nimeona hivyo kwa wenzangu niliowaonyesha: walichelewa kushika mabano na nukta, lakini siku ile ile walikuwa wanabishana kuhusu kisanduku cha Korogwe na cha Handeni.

Kuipa kompyuta vuli yetu ni rahisi. Unachagua miezi mwenyewe, `mvua.sel(time=mvua.time.dt.month.isin([10, 11, 12]))`, kisha unajumlisha mwaka kwa mwaka. Kwa kuwa Oktoba, Novemba na Desemba zote zimo ndani ya mwaka mmoja, hesabu inakaa vizuri. Kazi iko Dodoma. Huko, na Singida, Tabora, Iringa, Mbeya, Ruvuma, Lindi na Mtwara, msimu ni mmoja tu, wa Novemba hadi Aprili. Unaanza mwaka huu na kuishia mwakani. Ukijumlisha mvua ya Dodoma kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, umechukua mkia wa msimu mmoja ukaushona kwenye kichwa cha msimu mwingine. Mvua za El Niño za 1997/98, ambazo kila mtu wa umri wangu anazikumbuka kwa madaraja yaliyobebwa, zinakatwa katikati: nusu inaingia 1997, nusu 1998, na grafu inaonyesha miaka miwili ya unafuu badala ya msimu mmoja wa gharika. Mkulima wa uwele hakuiishi miaka hiyo miwili. Aliuishi msimu mmoja.

Dawa yake ni herufi chache: `resample(time="YS-NOV").sum()`. Hapo unaiambia pandas, maktaba nyingine ya Python iliyoko chini ya xarray, kwamba mwaka unaanza Novemba. Kwenye matoleo ya zamani inaandikwa `AS-NOV`, na inafaa kulijua hilo, kwa sababu mafunzo mengi mtandaoni bado yana maandishi ya zamani na mtu huishia kudhani kompyuta yake ni mbovu. Matoleo mapya ya xarray yameenda mbali zaidi: yana kifaa cha `SeasonGrouper` kinachokuruhusu kuandika OND, yaani Oktoba hadi Desemba, kama msimu halali. Nilifurahi sana kukiona. Kuna watu waliokidai, wakakiandika, kikaingia kwa wote.

Ukishaipata vuli iliyo vuli kweli, chora nguzo za mwaka mmoja mmoja tangu 1981 kwa eneo zima la Afrika Mashariki lenye misimu miwili. Macho hayahitaji kuelekezwa. 1997 inasimama juu kama mnazi katikati ya mihogo. 2019 inasimama, 2023 nayo. Chini utaiona 2010, utaiona 2016, utaiona 2021. Ile ya 2022 niliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu Oktoba ya mwaka huo Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, na ndugu zangu walioko Tabata walikuwa wakinunua dumu moja moja. Msiba wa Katesh, wilayani Hanang, wa tarehe 3 Desemba 2023, uko ndani ya nguzo ya 2023. Vijiji vilivyofunikwa na tope la mlima vimekuwa sehemu ya kimo cha nguzo moja ya buluu. Ninapochora grafu hii huwa naandika matukio hayo pembeni ya nguzo zake, kwa maandishi madogo. Nadhani ni wajibu.

Kwa nini miaka hiyo na si mingine? Hapa ndipo zana hizi zilipobadilisha namna ninavyofikiri kuhusu mvua. Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake walieleza katika jarida la Nature tabia ya Bahari ya Hindi ambayo leo hufupishwa kwa herufi IOD, yaani Indian Ocean Dipole. Kuna miaka ambayo maji ya upande wetu yanapata joto kupita kawaida huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa. Hewa yenye unyevu inapanda upande huu badala ya ule, na vuli inamwagika. Ikigeuka, vuli inakauka. Kipimo chake ni tofauti ya joto la bahari kati ya masanduku mawili: la magharibi, longitudo 50 hadi 70 Mashariki na latitudo 10 Kusini hadi 10 Kaskazini, la mashariki, longitudo 90 hadi 110 na latitudo 10 Kusini hadi Ikweta.

Kwa hiyo unaweza kukihesabu mwenyewe. Data za joto la bahari za ERSST, za NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, zina gridi pana ya nyuzi 2, kwa hiyo faili ni jepesi, na zinarudi nyuma hadi 1854. Angalia jambo moja: kwenye baadhi ya faili zake latitudo zimepangwa kuanzia kaskazini kwenda kusini, na hapo unaandika `slice(10, -10)`, namba kubwa kwanza. Ukiandika kinyume, xarray haitagomba. Itakupa jedwali tupu na kukuacha ukijiuliza bahari imeenda wapi. Toa wastani wa kila mwezi wa 1991 hadi 2020 ili ubaki na tofauti tu, chukua wastani wa kila sanduku, toa la mashariki kwenye la magharibi. Kisha weka IOD ya Oktoba hadi Desemba kwenye mhimili wa chini, mvua ya vuli kwenye mhimili wa kushoto, nukta moja kwa kila mwaka.

Nukta zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia. 1997 na 2019 ziko kule juu pembeni. Halafu fanya hivyo hivyo kwa masika: joto la bahari la Machi hadi Mei, mvua ya Machi hadi Mei. Nukta zinatawanyika kama hazijuani.

Picha hizo mbili nimezichapisha nikazibandika ofisini, kwa sababu zinabeba jambo ambalo mkulima anastahili kuambiwa. Vuli ina mshipi unaoifunga na bahari, na bahari hubadilika polepole, kwa hiyo utabiri wa vuli una mahali pa kushika. Masika haina mshipi wa namna hiyo. Wataalamu wanalijua hili muda mrefu. Kwetu vijijini halikuwahi kufika. Mwelekeo wa vuli na mwelekeo wa masika vinasomwa kwa sauti moja, na mtu anaviamini sawa au anavidharau sawa. Siku hizi nikisoma mwelekeo wa vuli nasema, huu upangie. Nikisoma wa masika nasema, huu usikilize, lakini mbegu usizimwage zote siku moja.

Masika ndiyo iliyonifundisha pia kuogopa mstari ulionyooka. Kupitisha mstari wa mwelekeo kwenye nukta ni rahisi kupita kiasi. Amri moja tu na umepata mteremko. Ukianza 1981 na kuishia karibu 2010, masika ya Afrika Mashariki inateremka, na tafiti nyingi za wakati ule zilisema hivyo. Endelea hadi miaka ya karibuni, uingize masika ya 2018, ya 2020, na ile ya 2024 iliyofurisha Rufiji na kuishia na kimbunga Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei, na mteremko ule unalegea. Huku mifano mingi ya kompyuta ya tabianchi ikitabiri masika yenye mvua zaidi huko mbele. Wenyewe wanakiita kitendawili cha Afrika Mashariki. Utafiti ulioongozwa na Caroline Wainwright, uliochapishwa 2019, uliuliza swali jingine: msimu wenyewe unaanza na kwisha lini? Wakakuta kwamba katika miaka ile ya kupungua masika ilikuwa inachelewa kuingia na kuwahi kukatika. Kilichopungua ni siku za msimu, si nguvu ya mvua ikinyesha. Mkulima anaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa. Jumla ya milimita haikuwa inamwambia kitu.

Rangi nazo si pambo. Nilimpelekea mzee mmoja wa kijiji cha tambarare ramani mbili za vuli ile ile, nione ipi inasomeka. Ya kwanza ilikuwa ya rangi za upinde wa mvua, ile `jet` iliyozoeleka kwenye ripoti nyingi, ambamo nyekundu ndiyo mvua kubwa. Ya pili ilikuwa `BrBG`, kahawia kwa ukavu na kijani kwa mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini leo?"

Akaishika ya kwanza, akaweka kidole kwenye wekundu. "Huku ndiko kulikoungua?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akaishika ya pili, na hapo hakuuliza kitu. Alianza kutaja vijiji kimoja kimoja kwa kufuata kijani, akafika ukingoni mwa kahawia akasema, "Hapa kweli mahindi yaligoma."

Upinde wa mvua una kasoro nyingine iliyojificha: njano yake inang'aa kuliko rangi za jirani, hivyo jicho linaona mpaka mahali ambapo data hazina mpaka. Ndiyo maana matplotlib, ilipotoa toleo la 2.0 mwaka 2017, iliiacha `jet` na kuifanya `viridis` kuwa rangi ya kawaida. Mwanga wake unapanda taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mtego wa asilimia usiusahau. Juni mjini Dodoma karibu hakuna mvua. Ikanyesha milimita 3 mahali pa wastani wa milimita 1, ramani ya asilimia itapaka kijani kibichi cha asilimia 300, na vumbi halijatulia hata. Kwenye miezi mikavu mimi huziba rangi kabisa, naacha kijivu.

Yule mzee ana daftari. Kwa miaka mingi ameandika mvua yake kutoka kwenye kipima mvua alichopewa na mradi uliokwisha zamani, kila asubuhi saa tatu, kama inavyotakiwa kwenye vituo rasmi. Saa tatu hiyo ina maana kubwa ukija kulinganisha. Maji aliyoyapima Jumanne asubuhi mengi yamenyesha Jumatatu, kwa hiyo namba ya daftari lazima irudishwe nyuma siku moja kabla ya kuiweka kando ya namba ya setilaiti. Usipoirudisha, vyanzo viwili vinavyokubaliana vitaonekana vinagombana.

Tulikaa na daftari lile kutafuta vuli inaanza wapi. Kigezo kinachotumika sana ukanda huu, hata ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda kule Nairobi, ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu mfululizo, bila kufuatiwa na ukame wa zaidi ya siku saba katika siku 21 zinazokuja. Nilipomsomea alisema ndivyo baba yake alivyofanya, isipokuwa yeye alipima kwa jembe: mvua ya kupandia ni ile ambayo ukichimba unakuta udongo umelowa mpaka chini, na hata hivyo baba yake alingoja aone kama itarudi. Milimita 20 ni lita 20 kwa kila mita ya mraba. Udongo unalowa mpaka chini.

Naye ndiye aliyenikumbusha miongo. Kalenda ya zamani ya pwani, inayoanza Siku ya Mwaka, huhesabu siku kumi kumi: miongo 36, na siku tano za nyongeza. Manahodha walijua upepo gani unavuma mwongo gani, na wakulima walijua cha kupanda. Taarifa za kilimo za watu wa hali ya hewa nazo hutolewa kwa siku kumi kumi, na CHIRPS hupatikana katika mafungu hayo hayo, 36 kwa mwaka. Mafungu haya yanafuata miezi, kwa hiyo hayaangukii siku zile zile, lakini ukubwa wake ni ule ule. Nimeanza kuchora vuli kwa mafungu hayo badala ya miezi, na wazee wanaisoma grafu hiyo upesi zaidi kuliko vijana.

Swali lililoko mezani sasa ni la mama mmoja anayelima mahindi na kunde. Aliangalia tarehe zote nilizozihesabu akasema, "Kuingia tunakujua, baba. Tuambie inakatika lini katikati." Yuko sahihi. Mahindi yanayokosa maji wakati wa kutoa mbelewele hayarudi, hata jumla ya msimu iwe nzuri namna gani. Kuhesabu siku kavu zinazofuatana ni mistari michache ya Python. Shida ni kwamba namba za siku moja moja za CHIRPS, katika toleo hili, zinatokana na mafungu ya siku tano yaliyogawanywa baadaye. Kwa jumla ya mwezi ni imara, kwa swali la siku hii au ile si za kutegemea. Jibu lake limo kwenye madaftari.

Kwa hiyo tunayaingiza. Safu ni nne tu: tarehe, mahali, milimita, na maelezo aliyoandika mwenye daftari, hata kama ni "mbuzi waliangusha kipimo". Palipoachwa wazi tunaacha wazi, hatuandiki sifuri, kwa sababu sifuri ni siku kavu na pengo ni siku isiyojulikana. Tanga ilikuwa na mashamba ya mkonge na misheni zilizopima mvua kwa miaka mingi kabla ya 1981, na mengine ya madaftari hayo yako kwenye kabati za watu waliorithi nyumba. Kama liko kwenu, usilitupe na usilianike juani. Lipige picha karibu na dirisha, ukurasa mmoja kwa picha moja, kingo zote nne zionekane, na uanze na jalada lenye jina la mahali.